Kurusha Mshipi kwa Mikono Miwili: Mwongozo kwa Anayeanza

Ukisimama mtoni kuvua samaki kwa nzi wa bandia huku miti imekuziba mgongo, ule mrusho wa mkono mmoja, wa kuupeleka mshipi wote nyuma hewani kisha kuurudisha mbele, utaishia matawini. Wavuvi wa samoni wa mto Spey, kaskazini mwa Uskoti, walikabiliana na shida hiyo katika karne ya 19: mto mpana, maji ya kasi, kingo zenye mwinuko na miti iliyosogea hadi majini. Waliitatua kwa ufito mrefu unaoshikwa kwa mikono miwili, na kwa mrusho ambao mshipi hautandazwi nyuma. Hutuna kando ya mrushaji na nyuma yake kidogo tu, huku ncha yake ikigusa maji, kisha hutupwa mbele. Mtindo huo unaitwa Spey hadi leo.

Nilipoanza nilipoteza msimu mzima nikiongeza nguvu kwenye ule mrusho wa mwisho, nikiamini umbali unatoka hapo. Mabega yaliuma na mshipi ukazidi kurundikana mbele yangu. Siku niliyoacha kuutazama mshipi unakoenda nikaanza kutazama unapolala juu ya maji kabla sijausukuma, mambo yalibadilika mchana uleule. Kwa hiyo katika hatua zote zinazofuata nitarudi mara kwa mara kwenye swali moja: mshipi umelala wapi?

Vifaa

Fito za mikono miwili huanzia kama futi 11 na kufika 15 au zaidi. Ukilenga samoni, au stilihedi (yule trauti wa Amerika Kaskazini anayekwenda kukulia baharini na kurudi mtoni kuzaa), chukua ufito wa futi 13 hivi, karibu mita 4, namba 7 au 8 (namba huonyesha uzito wa mshipi unaoufaa ufito). Kwa mto mdogo wenye trauti wa kawaida, futi 11 namba 3 au 4 inatosha na inapendeza. Usishike ule mrefu kuliko wote kwa kudhani utakufundisha haraka. Ufito wa futi 15 una raha yake, ila humwadhibu anayekosea kwa uzito wake. Kumbuka pia kwamba namba hizi hazilingani na za mkono mmoja: namba 8 ya mikono miwili hubeba mshipi mzito zaidi kuliko namba 8 uliyoizoea.

Mshipi ndio unaowachanganya wengi, nami nitauelezea taratibu. Ukianzia kwenye rili, yaani kigurudumu cha kuzungushia mshipi, kuna mshipi wa akiba, ule ambao samaki mkubwa ataukimbiza. Unafuata mshipi mwembamba unaoteleza kwenye pete za ufito wakati wa kurusha. Kisha kinakuja kichwa, yaani sehemu nene na nzito inayoukunja ufito na kubeba mrusho mzima. Mbele ya kichwa kuna uzi wa nailoni, na mwisho kabisa nzi wa bandia, yaani ndoano iliyovishwa manyoya na nyuzi.

Vichwa vina familia tatu. Vile vya Spey ya asili ni virefu, mita 15 hadi 20 na zaidi, na vinahitaji mkono uliokwisha kukomaa. Vya Skandinavia vina mita 10 hivi, ni vyembamba kuelekea mbele na hutua kwa upole. Msweden Göran Andersson ndiye anayetajwa zaidi katika kuujenga mtindo huo, ambao mkono wa chini ndio unaofanya kazi. Vya Skagit vimepewa jina la mto wa jimbo la Washington, Marekani. Ni vifupi, mita 6 hadi 8, ni vinene, na vilibuniwa kuvuta nzi wakubwa na vipande vya mshipi vinavyozama, wakati wa baridi ambapo samaki hukaa chini.

Anza na Skagit. Wapo watakaokuambia kwamba mrusho wake hauna madaha, na kweli si wa madaha. Lakini unafanyika kwa vituo: unaweka mshipi majini, unatulia, unatazama ulivyolala, ndipo unaendelea. Kwa mwanafunzi, nafasi hiyo ya kutazama haina mbadala. Kichwa cha Skagit hakirushwi peke yake; mbele yake hufungwa kipande cha mita 3 hadi 4.5. Kwa mazoezi funga kinachoelea, ili uone kila kitu, kisha uzi wa mita 2.5 hivi.

Uzito wa kichwa hupimwa kwa gramu au kwa greini. Gramu 1 ni greini 15.4, hivyo kichwa cha greini 520 kina karibu gramu 34. Fito nyingi zimeandikwa uzito unaozifaa, au mtengenezaji ameutangaza. Ufuate. Kichwa chepesi kupita kiasi hukuacha ukipunga ufito usiokunjika, na utajilaumu kwa kosa lisilo lako.

Rili iwe na uzito wa kutosha kiasi kwamba ukiulaza ufito juu ya kidole, pale mkono wa juu unaposhika, usiangukie mbele. Maungio ya ufito yazungushie utepe wa fundi umeme. Mirusho hii huusokota ufito, maungio hulegea bila wewe kujua, na kipande cha juu huweza kuchomoka na kuondoka na mshipi, au ufito ukavunjika pale ulipolegea.

Miwani na kofia vaa hata siku ya mazoezi. Nzi atapita karibu na sikio lako kwa kasi mara mamia kwa siku. Kwa mazoezi ikate ndoano yake kwenye kipindo na umfunge kijinyuzi cha sufu chenye rangi kali ili umwone. Ukivaa suruali ndefu ya kuzuia maji, funga mkanda kiunoni usiruhusu maji kujaa ndani ukianguka, na beba fimbo ya kupapasia chini.

Hatua ya kwanza: mahali pa kufanyia mazoezi

Nyasi hazifai. Mrusho huu unategemea maji kuishika ncha ya mshipi, na nyasi haziishiki. Tafuta sehemu yenye mkondo wa mwendo wa mtu anayetembea, bila vizuizi mbele yako, na usiingie zaidi ya magoti. Kila unapozama zaidi, ufito unashuka karibu na maji na mshipi unakosa nafasi ya kutuna nyuma yako. Wakongwe hurusha maji yakiwa kiunoni, wewe bado.

Hatua ya pili: kushika ufito

Tuseme mkono wako wa kulia uko juu. Ushike mpini mrefu juu ya rili, kwa wepesi, kiwiko kimekunjwa na kimekaa karibu na ubavu. Mkono wa kushoto ushike kitako, chini kabisa ya ufito, kwa kidole gumba na vidole viwili au vitatu.

Sasa weka akilini kazi ya kila mmoja. Wa juu ni kama egemeo la kasia kwenye mtumbwi: unauongoza ufito, unaufanya uzungukie hapo. Wa chini ndio unaovuta, kutoka mbele ya kifua kuja tumboni. Mtu aliyezoea ufito wa mkono mmoja atasukuma kwa mkono wa juu bila kujua, na ncha ya ufito itachora upinde mpana badala ya mstari ulionyooka, na mshipi nao utafunguka mpana, uchoke, uanguke. Dawa ninayoiamini: shika kwa juu kwa kidole gumba na cha shahada tu, urushe mara 20 hivyo. Utalazimika kuvuta kwa chini.

Hatua ya tatu: mrusho wa kubingirisha

Huu ndio msingi, na mirusho mingine yote ni njia tofauti za kufika hapa. Usiuharakie. Mimi ningeupa siku mbili nzima.

Toa kichwa chote nje ya ncha ya ufito, pamoja na nusu mita ya ule mshipi mwembamba. Mshipi ukiwa umelala mbele yako, anza na ncha ya ufito ikigusa maji. Inua taratibu. Ukiinua, sogeza ufito kando, mbali kidogo na bega la kulia, kisha nyuma, kisha juu, mpaka mkono wa kulia uwe karibu na sikio na wa kushoto mbele ya kifua. Kama ungekuwa ukijitazama kutoka ubavuni, uso umeelekea kushoto, ufito ungekuwa umesimama kama mshale wa saa ya ukutani unaoonyesha 1. Hapa tulia.

Tazama kilichotokea. Sehemu ya mbele ya mshipi bado imelala juu ya maji, kando yako, umbali wa urefu wa ufito mmoja hivi. Hiyo ni nanga. Iliyobaki imening'inia kutoka ncha ya ufito, imetuna nyuma yako kama tanga lililoshika upepo. Hilo ni tumbo la mshipi. Nanga hushikilia, tumbo huvuta, ufito hukunjika kati ya hivyo viwili. Ukikosa nanga, mshipi unaruka kutoka majini na kulia kama mjeledi nyuma ya kichwa chako. Ukikosa tumbo, hakuna uzito wa kuukunja ufito.

Sasa rusha. Anza polepole kuliko unavyodhani inafaa, ongeza mwendo, kisha simamisha ufito ghafla ungali juu, mshale wa saa ukiwa kati ya 10 na 11. Kule kusimama ndiko kunakourusha mshipi. Ukiuacha ufito ushuke mpaka majini, nao mshipi utashuka pamoja nao.

Hatua ya nne: mstari mmoja

Kuna kanuni isiyokubali ubishi: nanga ielekee unakotaka kurusha, na tumbo la mshipi liwe upande ulio kinyume kabisa na hapo. Nzi, ncha ya ufito na tumbo la mshipi viwe kama vimepigiwa kamba moja ya fundi mwashi. Nanga ikilala kimshazari mbele yako, utajaribu kuuvuta mshipi kwenye kona, na kona inakula nguvu yote. Mbaya zaidi, mshipi unaorushwa juu ya nanga iliyokatiza mbele yako hujikunja juu yake wenyewe, na nzi hupita asikotarajiwa.

Ndiyo maana kabla ya kila mrusho geuza nyayo, hasa ule wa upande wa mkono wa juu, zielekee unakolenga. Mwili hufuata nyayo, ufito hufuata mwili.

Hatua ya tano: mirusho miwili ya kukutosha

Mtoni mshipi haulali mbele yako. Mkondo umeupeleka chini, umening'inia upande maji yanakoenda, nawe unataka kuurusha ng'ambo. Kazi ni kuhamisha nanga bila kuipoteza. Mirusho ya kufanya hivyo ni mingi, lakini jifunze miwili tu mwaka wa kwanza.

Wa kwanza ni Dabo Spey. Chukulia maji yanatoka kushoto kwako kwenda kulia, na mkono wa kulia uko juu.

1. Ufito umeelekea kulia, mshipi umenyooka kufuata mkondo. Inua taratibu mpaka kichwa kikaribie kutoka majini.
2. Peleka ufito kushoto, mbele ya mwili wako, ushushe ncha. Mshipi utalala mbele yako, lakini mwisho wake, ule wenye nzi, ubaki kulia kwako kwa urefu wa ufito hivi. Ukivuka ukaja kushoto, umevuta mno. Uache mkondo uushushe, uanze tena.
3. Rudisha ufito kulia kwa mwendo mmoja usiokatika, ukiubandua mshipi juu ya maji. Utaona mstari mweupe wa povu unaukimbilia ufito. Zunguka nao mpaka bega la kulia, ukipanda kidogo kidogo, hadi ile nafasi ya karibu na sikio.
4. Tumbo likijaa, rusha.

Wa pili tuuite Sinapu-T, nao ni wa ukingo wa pili, maji yakitoka kulia kwenda kushoto, mkono wa kulia ungali juu. Inua ufito kutoka kushoto, juu na kuelekea kulia kidogo, kisha ukate kwa ghafla chini na kurudi kushoto, kama mtu anayekung'uta shuka. Mshipi utaruka na kuanguka upande wa kulia, maji yanakotoka. Hapo hakuna haraka yoyote. Umelala, mkondo unauleta kwako taratibu. Zungusha ufito kulia na nyuma, ukiubandua mshipi, upande mpaka nafasi ya sikio, urushe. Usirushe iwapo nzi ameanguka mbele ya miguu yako au upande wa kushoto; ameanguka pabaya, rudia.

Katika mirusho yote miwili, mwendo wa kuzungusha ufito uwe unapanda. Ncha ikibonyea hata kidogo njiani, mshipi unarundikana majini, nanga inakuwa nzito mno, na utasikia ufito kama umenasa kwenye tope. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa wanaoanza, na wenyewe hudhani wamekosa nguvu.

Upepo

Hapa naomba usome mara mbili. Nanga na tumbo la mshipi vikae upande upepo unakoelekea, kamwe visiwe upande unakotoka. Upepo ukivuma kwenda chini ya mto, rusha kutoka bega lililo upande wa chini: Dabo Spey. Ukivuma kupanda mto, rusha kutoka bega la upande wa juu: Sinapu-T. Ukikaidi, upepo utamleta nzi kwenye mwili wako. Nimeona ndoano ikitolewa shingoni kwa mtu aliyeijua kanuni hii vizuri kabisa, ila siku hiyo samaki walikuwa wanaruka naye hakutaka kupoteza muda wa kubadili mkono.

Maana yake ni kwamba lazima ujifunze mabega yote mawili. Badili mikono, kushoto juu na kulia chini, tangu wiki ya kwanza, kabla mwili haujachagua upande wake.

Kuachia mshipi

Mirusho ikishaanza kunyooka bila kuachia kitu, ndipo uongeze umbali. Vuta mshipi mwembamba mita chache na uushike kwa vitanzi kwenye mkono wa chini au kwa vidole vya mkono wa juu: kitanzi cha kwanza kikubwa, cha pili kidogo kuliko hicho, cha tatu kidogo zaidi. Vikilingana vitashikana. Achia ufito ukishasimama, si kabla. Ukiachia mapema, nguvu inavuja kupitia vidoleni.

Mita 18 zilizonyooka zinavua samaki. Mita 30 zilizorundikana hazivui, kwa sababu nzi huchukua nusu ya safari yake akisubiri mshipi ukazwe na mkondo.

Kuvua

Siku ya kuvua kweli, rudisha ndoano nzima na ukague mafundo yote. Kamba hukatikia pabovu, na samoni atalitafuta fundo uliloliharakisha. Maji yakiwa ya baridi au ya kina, badilisha kile kipande kinachoelea ufunge kinachozama, na uzi uupunguze mpaka mita moja hivi ili nzi asielee juu ya kipande chenyewe.

Rusha kwa mshazari, ng'ambo na kuelekea chini ya mto, kama nyuzi 45. Mshipi ukitua, inua ufito na uutupe mshipi upande wa juu mara moja ili mkondo usiuburute kwa kasi. Baada ya hapo usifanye kitu. Fuata mshipi kwa ncha ya ufito huku nzi akivuka mto kama mshale wa saa, mpaka afike chini yako sambamba na ukingo. Mwache hapo, hesabu mpaka kumi. Samaki wengi humfuata njia nzima na kufanya uamuzi mahali hapo. Vuta mara mbili tatu, kisha shuka hatua moja au mbili, urushe tena. Hivyo utaifagia sehemu nzima, na kila samaki aliyepo ataonyeshwa nzi.

Samoni akimchukua, utahisi mvuto wa polepole, unaokaza. Mkono utataka kuinua ufito. Uzuie. Mwache ageuke, auvute mshipi kwenye rili, aanze kwenda. Kwa kugeuka kwake ndoano hujikita pembeni mwa mdomo. Rili ikishalia kwa mfululizo, laza ufito upande wa ukingo uliko wewe, uinue kwa uthabiti, kisha uanze kurudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea maji yaliyotulia.